Kuingiza miti mingi ya ukoo kwenye uchambuzi wa maumbo: tukianzia na changu wa Mombasa

Ukishuka asubuhi kwenye soko la samaki la Bandari ya Kale, kila meza utaambiwa ni changu. Ukimkazania muuzaji kidogo, atakutolea mmoja mwenye doa jeusi ubavuni: "Huyu changu doa, mwalimu. Hawa wengine changu tu." Jicho lililozoea litaona kwamba "hawa wengine" ni spishi tatu au nne za jenasi Lethrinus. Mmoja ana pua ndefu, mwingine paji lake limesimama, wa tatu yuko katikati. Swali la mtafiti linaanzia hapo. Je, wanaofanana wanafanana kwa sababu ni ndugu wa karibu, au kwa sababu wanakula chakula kimoja?

Kulijibu unahitaji vipimo vya maumbo na mti wa ukoo. Kuhusu vipimo kuna maelezo mengi. Kuhusu mti, vijana wengi wa chuo hunijia na laptopu wakiwa wamekwama mahali palepale: wana faili yenye miti mia, na programu ya maumbo inaikataa, au inaikubali kisha inatoa majibu ya ajabu. Mwongozo huu ni wa hao. Nitatumia R, programu ya bure ya takwimu inayoendeshwa kwa amri, pamoja na vifurushi vyake vya ape (vya miti) na geomorph (vya maumbo), kisha nitagusa MorphoJ kwa anayependa kubofya kuliko kuandika amri.

Kwa nini miti mingi

Mti wa ukoo haujachimbwa ardhini. Ni makisio yaliyotokana na DNA. Programu kama MrBayes na BEAST hazikupi mti mmoja, zinakupa maelfu, na kila mmoja ni historia inayowezekana kwa data uliyoipa. Mathalani, kwenye miti 900 kati ya 1,000 changu A na changu B watakuwa ndugu, na kwenye 100 iliyobaki hawatakuwa. Watu wengi huchukua mti mmoja wa muhtasari na kusahau hiyo 100. Ukiendesha uchambuzi wa maumbo juu ya miti mingi unaona kama jibu lako linasimama kila mahali au linategemea tawi moja lenye shaka. Mimi jibu linalobadilika kila mti ukibadilika huwa siliandikii makala, lakini ningependa nilijue kabla mhakiki hajaniambia.

1. Kuandaa kompyuta

Sakinisha R, na RStudio ukiipenda. Halafu, siku ambayo una intaneti nzuri na si ya bando la saa moja, andika:

```
install.packages(c("ape", "geomorph"))
```

Geomorph huja na rgl, kifurushi cha kuchora vitu vya pande tatu. Kwenye Mac rgl inataka XQuartz iwepo kwanza, na kwenye Linux inataka maktaba za mfumo. Kama huna haja ya michoro hiyo, andika `options(rgl.useNULL = TRUE)` kabla ya kuita geomorph, na madirisha yake hayatakusumbua.

Tengeneza folda moja kwa kazi moja. Ndani yake weka faili ya maumbo, faili ya miti na faili ya amri zako. Usiandike amri moja kwa moja kwenye dirisha la R halafu ukaziacha zipotee. Umeme ukikatika Tudor saa nne usiku, utakachokuwa nacho ni kile ulichohifadhi.

2. Maumbo, kwa ufupi

Nachukulia umeshapiga picha. Samaki awe amelala ubavu, pezi zimetandazwa na kubanwa kwa pini, rula iko pembeni, na kamera imesimama wima juu yake. Mpige akiwa mbichi. Samaki aliyelala kwenye barafu usiku kucha hujikunja, na mkunjo huo utaonekana kwenye data kana kwamba ni tofauti ya spishi. Kama ratiba inakuruhusu, kusanya wakati wa kaskazi. Kusi likishika, bahari inachafuka, wavuvi wengi hawatoki mbali, na utaletewa samaki wachache wa aina zilezile.

Alama za kulinganisha (ncha ya pua, ukingo wa jicho, mwanzo wa pezi la mgongoni na kadhalika) huwekwa kwa tpsDig, programu ya bure ya F. James Rohlf, nayo huhifadhi faili ya TPS. Jambo moja tu nitalisisitiza: ipe kila picha jina lenye spishi na namba, mfano `Lethrinus_harak_01.jpg`. Utaona faida yake sasa hivi.

```
library(ape)
library(geomorph)

alama  <- readland.tps("changu.tps", specID = "imageID")
gpa    <- gpagen(alama)
spishi <- sub("_[0-9]+.*$", "", dimnames(alama)[[3]])
```

Mstari wa mwisho unakata namba na kilichofuata, unabaki na `Lethrinus_harak`. `gpagen` ndiyo inayofanya mlinganisho wa Procrustes: inaondoa tofauti za ukubwa, mahali na mgeuko, inabakiza umbo tupu.

Mti una ncha moja kwa kila spishi, lakini wewe una samaki kumi au ishirini wa kila spishi. Kwa hiyo lazima upate umbo la wastani:

```
y    <- two.d.array(gpa$coords)
w    <- rowsum(y, spishi) / as.vector(table(spishi))
umbo <- arrayspecs(w, p = dim(alama)[1], k = 2)
dimnames(umbo)[[3]]
```

Mstari wa mwisho ukikuletea orodha safi ya majina ya spishi, endelea. Ukikuletea `Lethrinus_harak` na `Lethrinus_Harak` kama viumbe wawili, rudi kwenye majina ya picha.

3. Kuijua faili ya miti kabla ya kuifungua

Fungua faili kwa kihariri cha maandishi matupu, si kwa Word. Word hubadilisha alama za kunukuu zikawa za kupinda, na hapo faili imeharibika bila wewe kujua. Utakutana na moja kati ya sura mbili.

Ya kwanza ni Newick. Kila mstari ni mti mmoja, mabano yamo ndani ya mabano, na mwisho kuna nuktamkato. Ya pili ni Nexus:

```
#NEXUS
BEGIN TREES;
  TRANSLATE
    1 Lethrinus_harak,
    2 Lethrinus_lentjan,
    3 Lethrinus_mahsena,
    4 Monotaxis_grandoculis;
  TREE mti_001 = [&R] (((1:2,2:2):1,3:3):2,4:5);
  TREE mti_002 = [&R] (((1:2,3:2):1,2:3):2,4:5);
END;
```

Mpangilio na urefu wa matawi hapo juu nimeuweka kuonyesha sura ya faili tu, usiutumie kama ukoo wa changu. Angalia mambo haya. Jedwali la TRANSLATE linabadilisha namba kuwa majina, ili jina refu lisirudiwe mara elfu. `[&R]` inasema mti una mzizi, na `[&U]` inasema hauna. Namba baada ya nukta mbili ni urefu wa tawi. Mabano ni undugu: waliomo ndani ya mabano mamoja wametoka kwa babu mmoja. Kwenye mti wa kwanza 1 na 2 ni ndugu, kwenye wa pili 1 na 3. Miti mingi ndani ya faili moja inamaanisha hivyo tu, wala hakuna siri nyingine.

Majina yaandikwe kwa mstari wa chini, bila nafasi, bila alama za kunukuu, bila herufi zenye vikolombwezo. Ukizingatia hilo, nusu ya matatizo yamekwisha.

4. Kuingiza

Faili ya Nexus yenye miti mingi:

```
miti <- read.nexus("miti.nex")
class(miti)
length(miti)
```

Ya Newick tumia `read.tree`. Jibu la `class` liwe "multiPhylo". Likija "phylo", faili ina mti mmoja tu. Ukitaka R iuchukulie kama kundi hata hivyo, ongeza `force.multi = TRUE` ndani ya mabano ya `read.nexus`; kwa `read.tree` ni `keep.multi = TRUE`.

Kama kila mti umekaa kwenye faili yake, usizifungue moja moja kwa mkono:

```
faili <- list.files("miti", pattern = "\\.nex$", full.names = TRUE)
miti  <- lapply(faili, read.nexus)
class(miti) <- "multiPhylo"
```

Sasa kuna mtego ambao haujaandikwa kwa herufi kubwa mahali popote. Faili ya Nexus yenye TRANSLATE ikisomwa, ape huweka majina ya spishi mara moja kwa kundi zima badala ya kuyarudia kwenye kila mti. Ni akiba nzuri ya kumbukumbu ya kompyuta. Lakini ukipitisha `lapply` au `sapply` juu ya kundi hilo, kila mti unatoka bila majina. Programu ya maumbo itakulalamikia kwamba spishi hazilingani, nawe utatazama faili yako iliyo sawa kabisa usiku kucha. Dawa yake ni mstari mmoja, nami huuandika kila mara hata nisipouhitaji, maana haudhuru:

```
miti <- .uncompressTipLabel(miti)
```

Nukta ya mwanzoni ni sehemu ya jina la amri. Usiiache.

5. Kutupa miti ya mwanzo na kuchagua mia

MrBayes na BEAST huanza kutafuta zikiwa gizani, na miti yao ya mwanzo haifai. Ni desturi kutupa robo ya kwanza, na MrBayes yenyewe ikifanya muhtasari hutupa asilimia 25 usipoiambia vinginevyo. Kumbuka pia kwamba MrBayes kwa kawaida hufanya misafara miwili sambamba na kuacha faili mbili, moja ikiishia `run1.t` na nyingine `run2.t`. Tupa robo ya kila faili kivyake, kisha ndipo uziunganishe. Ukiunganisha kwanza halafu ukakata, unatupa nusu ya msafara wa kwanza na kubakiza takataka zote za wa pili.

```
kata <- function(m) {
  n <- length(m)
  m[(floor(n * 0.25) + 1):n]
}
a <- .uncompressTipLabel(read.nexus("changu.run1.t"))
b <- .uncompressTipLabel(read.nexus("changu.run2.t"))
miti <- c(kata(a), kata(b))

set.seed(254)
mia <- sample(miti, 100)
```

`set.seed` inahakikisha kwamba ukirudia kesho utapata mia ileile. Namba yoyote inafaa. Mimi nimezoea ya simu za Kenya. Mia inatosha kwa kazi nyingi. Elfu haitakupa hekima zaidi, itakupa tu muda wa kwenda kunywa kahawa tungu na kurudi ukikuta mashine bado inazunguka.

Neno kuhusu miti ya kupakua. Kwa samaki kuna mti mkubwa uliotolewa na Daniel Rabosky na wenzake mwaka 2018, nao unapatikana ndani ya R kwa kifurushi cha fishtree. Una sura mbili. Ya kwanza ina spishi zaidi ya 11,000 zenye data ya DNA. Ya pili ni kundi la miti 100 yenye spishi zaidi ya 31,000, na wengi wanaipenda kwa sababu kila samaki wao yumo. Tatizo ni kwamba samaki wasio na DNA wamepachikwa kwa bahati nasibu ndani ya jenasi au familia zao. Ukipima kama umbo linafuata ukoo juu ya ukoo uliopachikwa kwa bahati nasibu, unapima bahati nasibu. Kwa swali letu bakia na spishi zenye DNA, hata kama orodha yako itapungua.

6. Mzizi kwanza, kupogoa baadaye

Miti ya BEAST huja na mzizi na matawi yake hupimwa kwa muda, kwa hiyo usiiguse. Miti ya MrBayes iliyotengenezwa bila saa ya molekuli (kanuni ya kugeuza mabadiliko ya DNA kuwa muda) haina mzizi, na urefu wa matawi yake ni mabadiliko ya DNA, si miaka. Nikiwa na hiari nachukua ya BEAST. Ukiwa na ya MrBayes, weka mzizi kwa kutumia jamaa wa nje. Kwa changu, Monotaxis grandoculis anafaa, kwa sababu yumo kwenye familia ileile ya Lethrinidae lakini nje ya jenasi Lethrinus.

```
mia <- lapply(mia, root, outgroup = "Monotaxis_grandoculis",
              resolve.root = TRUE)
class(mia) <- "multiPhylo"
```

Fanya hivi kabla ya kupogoa, yaani kabla ya kuondoa kwenye mti spishi usizozihitaji. Nimeona mtu amemwondoa jamaa wa nje kwanza, kwa kuwa hakuwa na picha yake, halafu akatafuta pa kuweka mzizi akakosa.

7. Majina, majina, majina

Hapa ndipo pa kukaa kitako. Kompyuta haijui samaki, inajua herufi. Jina kwenye maumbo na jina kwenye mti lazima yalingane herufi kwa herufi.

```
wa_umbo <- dimnames(umbo)[[3]]
wa_mti  <- mia[[1]]$tip.label

setdiff(wa_umbo, wa_mti)
setdiff(wa_mti, wa_umbo)
```

Amri ya kwanza ya `setdiff` inakuletea waliopimwa umbo lakini hawamo kwenye mti. Ya pili ni wale waliomo kwenye mti bila umbo. Zisome zote mbili kwa macho yako, usikimbilie kufuta. Mara nyingi utaona samaki mmoja kwenye orodha zote mbili kwa sura tofauti kidogo.

Chanzo cha kwanza ni uchafu wa kuandika: nafasi badala ya mstari wa chini, herufi kubwa, au nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina. Hiyo ya mwisho iliwahi kunilia siku mbili, kwa sababu kwenye skrini majina yalikuwa mapacha kabisa. Safisha pande zote kwa mpigo:

```
safi <- function(x) gsub(" ", "_", trimws(x))
dimnames(umbo)[[3]] <- safi(dimnames(umbo)[[3]])
mia <- lapply(mia, function(m) {
  m$tip.label <- safi(m$tip.label); m
})
class(mia) <- "multiPhylo"
```

Chanzo cha pili ni kizito zaidi, nacho ni majina yaliyohama. Changu wana historia yao. Yule mwenye uso mrefu, Lethrinus olivaceus, ameandikwa mara nyingi kwa makosa kama Lethrinus miniatus, na L. miniatus ni samaki mwingine, aliyekuwa pia akiitwa L. chrysostomus. Kwa hiyo ukikuta "miniatus" kwenye ripoti ya zamani ya pwani yetu, na "miniatus" kwenye mti uliopakuliwa, herufi zitalingana barabara, R itanyamaza, na utakuwa umemvika samaki mmoja ukoo wa mwenzake. Hakuna amri ya kukuokoa hapo. Rudi kwenye picha, hesabu miiba na magamba, thibitisha samaki, kisha ulinganishe jina na orodha moja tu, kama FishBase, kwa pande zote mbili.

Weka mabadiliko yote ya majina kwenye jedwali dogo lenye safu mbili, la zamani na jipya, na ulihifadhi pamoja na data. Baada ya miezi sita hutakumbuka kwa nini ulimbadilisha nani.

Majina yakishakubaliana, pogoa pande zote zibaki na spishi zilezile:

```
pamoja <- intersect(dimnames(umbo)[[3]], mia[[1]]$tip.label)
umbo   <- umbo[, , pamoja]
mia    <- lapply(mia, keep.tip, tip = pamoja)
class(mia) <- "multiPhylo"
```

Mpangilio wa spishi si lazima ufanane. Geomorph hutafuta kwa jina, si kwa nafasi.

8. Kukagua kila mti

Kukagua mti wa kwanza pekee ni sawa na kuonja kijiko cha juu cha sufuria ya mbaazi. Kagua yote:

```
table(sapply(mia, Ntip))
table(sapply(mia, is.rooted))
table(sapply(mia, is.binary))
table(sapply(mia, function(m) is.null(m$edge.length)))
summary(sapply(mia, function(m) min(m$edge.length)))
```

Idadi ya ncha iwe moja kwa miti yote. Mzizi uwepo kwenye yote. `is.binary` ikikupa FALSE, kuna mahali matawi matatu au zaidi yametoka kwenye fundo moja. Mstari wa nne unauliza kama kuna mti usio na urefu wa matawi, na jibu liwe FALSE mia moja. Wa mwisho ndio unaopaswa kukushtua ukiona sifuri. Spishi mbili zikitenganishwa na matawi ya urefu sifuri, kihesabu ni kitu kimoja, na kompyuta haiwezi kugeuza jedwali lao la undugu. Ujumbe wa kosa utakuwa na neno "singular". Wapo wanaoongeza kitu kidogo sana kwenye kila tawi ili mambo yaende. Ni plasta tu. Kwanza tazama kwa nini: pengine DNA za spishi hizo mbili zimetoka kwa samaki mmoja aliyetambuliwa vibaya.

9. Kuendesha uchambuzi

Kipimo cha kuanzia ni cha ishara ya ukoo, yaani kiasi gani ndugu wa karibu wanafanana maumbo. `physignal` hutumia kipimo cha K kilichopanuliwa na Dean Adams mwaka 2014 ili kifae data ya maumbo. K ya 1 ni kiasi cha kufanana kinachotarajiwa kama umbo limekuwa likibadilika kwa mwendo wa Brown, yaani kutangatanga bila mwelekeo. Chini ya 1, ndugu wanafanana kidogo kuliko hapo. Juu yake, wanafanana zaidi.

```
majibu <- lapply(mia, function(m)
  physignal(A = umbo, phy = m, iter = 999,
            print.progress = FALSE))

K <- sapply(majibu, function(x) x$phy.signal)
P <- sapply(majibu, function(x) x$pvalue)

saveRDS(majibu, "majibu.rds")
summary(K)
hist(K)
```

Jaribu kwanza kwa miti mitatu, `mia[1:3]`. Ikipita, ndipo uiachie yote.

Usomaji wake una adabu yake. P ni uwezekano wa kupata ishara kubwa kiasi hicho kwa bahati tupu. Ukipata P chini ya 0.05 kwenye miti 93 kati ya 100, hiyo 93 si thamani mpya ya P wala si uwezekano wa kwamba uko sahihi. Inasema tu kwamba shaka iliyomo kwenye ukoo haibadilishi jibu lako sana. K ikitawanyika kuanzia 0.4 hadi 1.3, tafuta miti inayotoa namba za juu, ichore karibu na ile ya chini kwa `plot`, uone ni tawi gani linahama. Huwa ni spishi moja au mbili. Hilo nalo ni matokeo, na kwangu mimi mara nyingi ndilo linalovutia kuliko wastani.

Angalia pia idadi. Simon Blomberg na wenzake, walioleta kipimo cha K mwaka 2003, walionyesha kwamba panahitajika kama spishi 20 ili jaribio liwe na nguvu ya kutosha. Ukiwa na changu saba kutoka meza za Bandari ya Kale, kukosa ishara hakukuambii kwamba haipo.

Kuchora nafasi ya maumbo pamoja na matawi ya ukoo:

```
pca <- gm.prcomp(umbo, phy = mia[[1]])
plot(pca, phylo = TRUE)
```

Chora miti minne au mitano kando kando. Nukta za spishi hazitahama, kwa sababu maumbo ni yaleyale. Matawi na mababu waliokisiwa ndio watakaohama. Ukiwaonyesha wasimamizi wako mchoro wa namna hiyo, hawatakuuliza tena kwa nini hukutumia mti mmoja.

Kwa watumiaji wa MorphoJ

MorphoJ ni programu ya bure ya Christian Peter Klingenberg wa Chuo Kikuu cha Manchester, iliyoelezwa kwenye makala ya mwaka 2011. Inatumia Java, na anayeogopa amri huipenda. Husoma miti ya Nexus, hukisia maumbo ya mababu, na hupima ishara ya ukoo kwa kuchanganya-changanya maumbo kwenye ncha za mti mara nyingi. Kanuni ya majina ni ileile: kwanza fanya wastani kwa spishi, kisha majina ya seti hiyo ya wastani yalingane na ya mti.

Njia yangu ni kuandaa miti kwenye R, kuikagua kama hatua ya 8, halafu kuiandika upya kwa ajili ya MorphoJ:

```
names(mia) <- sprintf("mti_%03d", seq_along(mia))
write.nexus(mia[1:5], file = "miti_morphoj.nex")
```

Usiuruke mstari wa `names`. Usipoipa miti majina, ape itaita kila mmoja UNTITLED, nawe utakaa mbele ya orodha ya miti mitano yenye jina moja usijue matokeo ni ya upi. Nimeandika mitano kwa makusudi. Kwenye MorphoJ kila uchambuzi unauendesha kwa kubofya, na matokeo yanajipanga kwenye orodha ndefu. Mitano unaweza kuitazama kwa utulivu. Mia uachie R.

Ukiandika ripoti

Taja miti ilitoka programu gani, ulitupa asilimia ngapi, ulichagua mingapi, na namba ya `set.seed`. Taja jamaa wa nje na spishi zilizoachwa kwa kukosa DNA. Toa K kwa wastani na mipaka yake, si namba moja. Ambatisha faili ya TPS, faili ya miti mia baada ya kupogolewa, jedwali la majina, na faili ya amri. Na kwenye safu ya jina la kienyeji andika lile ulilopewa sokoni siku ile, "changu doa" au "changu tu", pamoja na tarehe na mahali samaki aliposhushwa.